Kugombea MCA: karatasi zinaanza kitambo kabla ya kampeni

Watu wananiuliza sana siku hizi, kugombea MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, kwataka nini, na kabla sijafungua mdomo mtu ashaongeza mwenyewe "yaani pesa ngapi". Haya, pesa ntaisema, ila pesa sio ya kwanza. Ya kwanza ni tarehe. Hapa kwetu Kilifi, Pwani ya Kenya, tuna wodi 35, Mombasa hapo jirani 30, Kwale 20, nchi nzima wodi 1,450, na mimi naamini kila wodi kuna mtu mmoja mzuri kabisa ambaye majirani wangempa kura bila kulazimishwa, lakini jina lake halitaonekana kwenye karatasi ya kura, na si kwamba watu wamemkataa, ni kwamba habari ya fomu ilimfikia wakati mambo yashafungwa. Hilo linaniuma kweli na ndio maana naandika haya sasa, uchaguzi ukiwa ni 10 Agosti 2027, sio niandike Mei 2027 wakati haimsaidii mtu.

2022 nilikuwa kwenye timu ya mama mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyesimama kama mgombea huru. Wengine walikuwa watu wa spika na mabango na boda, mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Jina lake na wodi naviacha manake bado hajatangaza rasmi kwamba anarudi, hapa ntamwita Mwalimu tu, anayemjua anamjua.

Sasa tuanze. Sheria yenyewe iko kwa Katiba, kifungu cha 193, na si ndefu, mtu aweza kuisoma akisubiri chai ipoe. Uwe umejiandikisha kama mpiga kura. Uwe umetimiza masharti ya elimu na ya maadili. Halafu ama uwe umeteuliwa na chama, ama uwe mgombea huru mwenye wapiga kura wasiopungua 500 wa wodi hiyohiyo wanaokuunga mkono. Basi. Hapo hapo tayari kuna vitu viwili ambavyo watu wanavisema vibaya mtaani kila siku. Kwanza, Katiba inasema tu uwe mpiga kura, haikusema lazima wewe mgombea uwe umejiandikisha kwenye wodi unayoiwania, wale 500 ndio lazima wawe wa wodi. Wallahi nimeona mtu akivunjwa moyo barazani ati "wewe kura yako iko Mombasa huwezi kusimama huku", na wote waliokuwepo wakaitikia, kumbe si sheria. Watu wakitaka kukunyima kura kwa sababu hiyo ni haki yao, lakini fomu haikukatazi.

La pili ni digrii. Hii digrii iliwatoa watu mbio sana. Sheria ya Uchaguzi ilikuwa imeweka kwamba mbunge na MCA lazima wawe na digrii, ikawa inasukumwa mbele uchaguzi baada ya uchaguzi, mwishowe Mahakama Kuu ikalitupa hitaji hilo kabla ya uchaguzi wa 2022. Gavana na rais bado wanaulizwa digrii, MCA hapana. Mimi binafsi nafurahi ilitupwa. Sisemi elimu haina maana, Mwalimu mwenyewe ana cheti chake na anakiheshimu. Lakini kazi ya MCA ni nini? Ni zahanati, ni madarasa ya chekechea, ni barabara za kaunti, ni soko, ni josho la ng'ombe, ni kupitisha bajeti ya kaunti na kumuuliza gavana hizi pesa zimekwenda wapi. Kuna wazee na akina mama hawajaona mlango wa chuo kikuu lakini ukiwaonyesha kisima kilichojengwa kwa milioni kadhaa na hakitoi maji watauliza maswali makali kuliko wasomi wote wa wodi.

Haya, wanaozuiliwa. Kama umefilisika kisheria na bado hujaachiliwa, kama una akili isiyo timamu, kama unatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, kama hujawa raia wa Kenya kwa angalau miaka kumi mfululizo kabla ya uchaguzi, kama ulikuwa kamishna wa IEBC, ile tume ya uchaguzi, ndani ya miaka mitano iliyopita, kama imethibitishwa ulitumia ofisi ya umma vibaya. Na halafu kuna moja ambayo ndiyo inagusa watu wengi wa kawaida kuliko zote hizo, afisa wa serikali au mtumishi wa umma haruhusiwi, isipokuwa yule ambaye tayari ni MCA.

Hapa naomba tukae kidogo.

Mtumishi wa umma sio waziri peke yake. Ni mwalimu wa TSC, ile tume inayoajiri walimu, ni nesi wa kaunti, ni chifu na naibu wake, ni karani wa soko anayekata risiti asubuhi. Na kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema mtumishi wa umma anayetaka kugombea ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. 2022 siku hiyo ilikuwa 9 Februari, mtakumbuka mawaziri walivyokuwa wakiaga maofisini, TV zote zilikuwa huko. Lakini siku hiyohiyo na Mwalimu wetu naye, aliyekuwa ameajiriwa na kaunti kufundisha watoto wa miaka minne na mitano, ilibidi awe ameshapeleka barua yake. Waziri akijiuzulu ana akiba, ana gari, ana marafiki wa kumchangia. Mwalimu wa chekechea akijiuzulu Februari, mshahara wa Machi haupo, Aprili haupo, Mei karo ya muhula inamngoja, na fomu zenyewe za IEBC hazijaanza hata kupokelewa! Zinapokelewa mwisho wa Mei kuingia Juni. Kwa hiyo unaacha mkate wako kwa ajili ya kitu ambacho bado hujaruhusiwa kukigombea. Na MCA aliye kitini yeye haachi kitu, anaendelea na mshahara wake mpaka mwisho, sheria imemtoa nje ya hilo sharti, yeye na wabunge na magavana na rais.

Naelewa sababu ya sheria, sitaki chifu atumie ofisi na muhuri wake kujipigia kampeni. Chifu ana nguvu kijijini. Lakini mwalimu wa chekechea ana nguvu gani ya serikali ya kumtisha mtu? Ana chaki. Mimi naona sheria ingetofautisha, mwenye mamlaka juu ya watu aondoke mapema, na yule wa chini kabisa apewe likizo bila malipo, akishindwa arudi darasani. Kama kuna MCA ama mbunge anasoma hapa, hilo ni ombi langu kabisa. Wanaotoka kwenye kazi za chini za kaunti ndio wanajua zahanati inakosa nini, na ndio hao sheria inawafanya wafikirie mara mia.

Kwa 2027 hesabu yenyewe inaangukia mwanzo mwanzo wa Februari. Kama wewe ni wa TSC au wa kaunti na una nia, kaa na familia yako mapema sasa, sio Januari, muone hiyo nusu mwaka mtaishi vipi.

Tuje kwenye chama ama huru. Wengi wanadhani kuwa huru ni njia ya mkato, hulipi chama, hupigi magoti kwa mtu. Ni kweli hupigi magoti. Lakini mkato sio. Kwenye chama unalipa ada ya chama yenyewe, ambayo mara nyingi inashinda ile ya IEBC, halafu unaingia mchujo ama mnaambiwa kaeni muelewane ama mtu anapewa tiketi ya moja kwa moja na wewe unasikia kwa redio. Ukipata cheti cha chama umepita sehemu ngumu, na chama ndicho kinachokupeleka kwa IEBC, na orodha ya wanachama wake inakuwa ilishapelekwa IEBC siku 120 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo kuhama hama chama dakika za mwisho hakuna. Mkigombana, kuna kamati ya chama yenyewe halafu kuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Sikatazi mtu chama. Pwani hii kuna wodi ambazo bila chama fulani hata jina lako halisikiki, tuseme ukweli.

Ukitaka kuwa huru, Katiba kifungu cha 85 inasema usiwe mwanachama wa chama chochote, na usiwe umekuwa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Mtu anaposoma hapo anasema aah mimi sijawahi kujiunga na chama, niko sawa. Subiri. Mnakumbuka 2021, ofisi ya Msajili wa Vyama ilipofungua mtandao wa kuangalia uanachama kupitia eCitizen, Wakenya wakaanza kujikuta wako vyama ambavyo hawajawahi hata kuona bendera yake? Kelele ilikuwa kubwa nchi nzima. Mwalimu naye alikuwemo. Chama kimoja, sikitaji, kilikuwa na jina lake na namba yake ya kitambulisho, na yeye hajawahi kutia sahihi popote. Tukawa na bahati tuliangalia mapema, akaandika barua ya kujiuzulu kwenye kitu ambacho hakujiunga, tukabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na tukafuatilia mpaka jina likatoka. Kama tungeangalia Juni ingekuwa kwisha habari, mpinzani angelichapisha hilo jina na kulipeleka kwenye malalamiko na wewe uanze kujitetea kwa kosa la mtu mwingine. Kwa hiyo angalia jina lako. Mwambie na dadako aangalie, hata kama hagombei chochote, ni kitambulisho chake.

Kuna na alama. Mgombea huru anachagua alama yake mwenyewe na anaipeleka IEBC siku 21 kabla ya siku ya kupeleka fomu za uteuzi, wao wanaikubali au wanaikataa, wakiona inafanana na ya chama ama ya mgombea mwingine ama ina matusi wanaikataa. Chaguo la alama msilifanye usiku kwa haraka. Kuna wazee wetu wanapiga kura kwa macho, jina hawalisomi, wanatafuta picha na alama, kwa hiyo kitu kiwe kinachorwa kwa mstari mnene, kinaonekana hata kikiwa kidogo kama kucha, na kinatamkika kwa Kigiriama na Kiswahili bila mtu kuuliza mara mbili.

Sasa sahihi 500. Hii ndo sehemu niliyoijua kwa miguu yangu.

Mia tano unasikia ni kitu kidogo. Wodi ina maelfu ya watu, harusi moja tu inaleta mia tano. Tatizo ni kwamba sio watu 500, ni wapiga kura 500 waliojiandikisha kwenye wodi hiyo. Na huku kwetu watu wanaishi pahali na kura iko pahali pengine. Kijana yuko hapa ana duka la M-Pesa, kura yake aliandikisha Mtwapa alipokuwa kibarua. Mama ameolewa huku miaka kumi, kura iko kwao Ganze, hakuhamisha. Wa barani wako na kura za makwao. Barabara tu inagawa wodi mbili, upande huu wa kinyozi ni wodi yetu na upande ule wa msikiti ni ya wenzetu, na kituo alichopigia kura mtu mara ya mwisho yeye mwenyewe anakikumbuka kwa jina la shule tu. Kwa hiyo mtu anakupenda kweli, anatia sahihi kwa roho safi, na sahihi yake haina kazi. Hasemi uongo, hajui tu.

Njia tuliyoiona inafaa ni hii, hatukukusanya sahihi kwenye mikutano. Mkutanoni kalamu inazunguka, watoto wanasaini, mtu wa wodi ya pili anasaini, mmoja anasainia na mkewe na mamake na mwandiko ni ule ule. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, mmoja ana fomu na mwingine ana simu. Kabla mtu hajasaini tunamuomba kitambulisho, tunaangalia kwenye mfumo wa kuhakikisha daftari la wapiga kura, unaweka namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa inakuletea kituo na wodi. Ikiwa ni wodi yetu, tunaandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, sio jina la mtaani, namba tunaisoma kwa sauti na mwenyewe anairudia, anatia sahihi mwenyewe. Ikiwa sio wodi yetu tunamshukuru na tunamuelekeza namna ya kuhamisha kura kama anataka. Pole pole sana hii kazi. Kuna jioni mnarudi na majina kidogo na miguu imejaa vumbi. Lakini jina lililoandikwa ni jina kweli.

Na hakuna kitu kilichomsaidia Mwalimu kuliko zile nyumba. Manake huwezi kumuomba mtu kitambulisho chake ukaondoka tu, atakuuliza utamfanyia nini, na atakwambia daraja, atakwambia basari ya mtoto ilikwenda kwa nani, atakwambia zahanati haina dawa ya presha tangu mwezi ule. Daftari letu la malalamiko lilijaa kabla hata kampeni hazijaanza, na lile daftari ndilo likawa manifesto. Wengine wanalipa vijana wakusanye sahihi kwa bei fulani kwa kila jina. Usifanye hivyo. Ukilipa kwa jina utaletewa majina, hata ya waliokufa.

Tulilenga kupita 500 kwa mbali kidogo, kwa sababu lazima yatakuweko ya kukatwa. Halafu majina yote yanaingizwa kwenye ekseli, hapo ndo nilikuwa mimi na saiba ya pale stendi na umeme unaokatika, kila mstari jina, namba, na karatasi zilizotiwa sahihi, na nakala kwenye flashi. IEBC walitaka zote mbili, karatasi na ya kompyuta. Usimpe mtu mmoja tu kazi ya kuchapa bila wa pili kusoma nyuma yake. Namba ya kitambulisho ikikosewa tarakimu moja, huyo ni mtu mwingine kabisa.

Halafu pesa, nilisema ntaisema. 2022 ada ya IEBC kwa MCA ilikuwa shilingi 5,000, na kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni nusu, 2,500. Inalipwa kwa hundi ya benki, sio kwa M-Pesa ya mtu wala noti kwenye bahasha, kwa hiyo nenda benki siku kadhaa kabla. Mbunge ilikuwa 20,000 na gavana 50,000, mkilinganisha MCA ni nafuu kweli. Ada ya IEBC haijamfungia mtu nje. Kinachofunga nje ni ile miezi sita bila mshahara, ni nauli, ni kuprinti, ni chakula cha vijana wanaotembea na fomu.

Kuna fomu ya kujitangaza chini ya Sheria ya Uongozi na Maadili. Ile inakuuliza mambo yako mwenyewe, umewahi kutumia ofisi vibaya, umewahi kughushi, umewahi kufukuzwa kazi kwa kukosa uaminifu, una kesi. Inatiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, wakili yeyote wa karibu aliye na muhuri huo atakufanyia. Jibu ukweli hata kama unaona haya. Halafu kanuni za maadili ya uchaguzi unazisaini, picha ya pasipoti, kitambulisho halisi na nakala. MCA anapeleka haya yote kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, wale wa gavana na seneta na mwakilishi wa wanawake ndio wanakwenda kwa msimamizi wa kaunti. Unapewa siku yako na saa yako. Nenda mapema, na usiende na msafara wa ngoma mpaka mlangoni, ngoma zingoje barabarani. Mwalimu aliingia na faili moja lenye vitenganishi, kila kitu kimepangwa kwa mpangilio wa tangazo la tume, na afisa alikuwa akisoma jina la karatasi tunaivuta tunampa. Alitoka na cheti. Nililia, siwafichi.

Jambo moja lakini limenikaa moyoni mpaka leo. Mwaka huo huo EACC, ile tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ilipeleka kwa IEBC majina ya watu waliotaka wazuiwe kwa sababu za uadilifu, na wengi wao waliidhinishwa wakaingia debeni, manake Katiba kifungu hicho hicho cha 193 inasema mtu hazuiliwi mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Na rufaa za wenye pesa zinachukua miaka. Mimi sitaki mtu ahukumiwe bila mahakama, hiyo kanuni ni nzuri na iko kwa sababu nzuri. Ila angalieni matokeo yake. Aliyeshtakiwa kwa mamilioni anapita mlangoni na mawakili wake, na mama muuza samaki anarudishwa kwa sababu majina yake ni 487. Ule ukali wote uko kwenye hesabu za karatasi na upole wote uko kwenye uadilifu. Kwa maoni yangu tungeomba mahakama ziwe na muda maalumu wa kumaliza kesi za namna hii kabla ya kila uchaguzi, kama vile mizozo ya uteuzi yenyewe ilivyowekewa muda, ukilalamika kwa IEBC kwenye kamati yao ya mizozo lazima waamue ndani ya siku kumi. Inawezekana kumbe.

Na hizo siku kumi zijue, kwa sababu na wewe unaweza kuzihitaji. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi hapo hapo, usitoke ofisini na maneno ya mdomo. 2022 kamati hiyo ilikaa Milimani Nairobi, sasa fikiria mtu wa Ganze au Garsen apande basi usiku na mafaili yake kwenda Milimani. Wakati huu wangekaa na Mombasa, na Kisumu, na Garissa.

Kuhusu wanawake nataka niseme kwa uwazi. 2013 walichaguliwa wanawake 82 kuwa MCA nchi nzima. 2017 wakawa 96. 2022 wakawa 115. Kati ya wodi 1,450! Inapanda, naona inapanda, lakini kwa mwendo huu wajukuu zetu ndio watakaoona nusu. Na kila mwanamke niliyemsikia akisema anataka wodi, kuna mzee wa chama anamwambia "mama wewe tulia, tutakuweka nominetedi". Zile nafasi za kuteuliwa Katiba iliziweka ili jinsia moja isizidi theluthi mbili bungeni kaunti, ni jambo jema na kuna wanawake wanafanya kazi kubwa kupitia huko. Lakini zimegeuzwa kuwa mahali pa kumnyamazishia mwanamke aliye na kura. Mwalimu aliambiwa hivyo hivyo, tena na watu anaowaheshimu. Akawajibu, kwa adabu, kwamba wazazi wa watoto aliowafundisha hawatapata nafasi ya kumteua, watapata nafasi ya kumpigia kura.

Hakushinda. Alikuwa wa tatu, mbele ya watu waliokuwa na magari, na siku ya pili asubuhi alikuwa kwenye nyumba za watu akishukuru.

Kwa hiyo 2027 tunarudi, na hivi ndivyo tunavyofanya saa hii, mtu wa wodi yoyote aweza kuiga. IEBC ilifungua tena uandikishaji wa kuendelea mwishoni mwa Septemba 2025 kwenye ofisi za maeneo bunge, kwa hiyo tunapeleka vijana waliopata vitambulisho vipya, na wale wa "kura yangu iko Mtwapa" wahamishe. Majina yetu ya 2022 tunayapitia upya, wengine wamehama, wengine wametangulia mbele za haki, Mungu awarehemu. Kila mtu wa timu ameangalia hali yake ya chama, na Mwalimu wa kwanza. Barua ya kazi safari hii haipo, alivyotoka 2022 hakurudi kaunti, anauza vitenge na anafundisha watoto nyumbani kwake mchana. Bado hatujaamua huru au chama, vyama viwili vimempigia simu na mazungumzo yanaendelea, na akija kuamua chama ntaandika yale ya mchujo nikishayaona kwa macho, sitaki kuandika ya kusikia.

Kama wewe uko wodi nyingine na una mtu wako, hasa kama ni mwanamke, hasa kama ni kijana, niandikie uniambie mmefikia wapi. Mpangilio wetu wa ekseli na wa faili ntakutumia bure. Na kama uko TSC au kaunti, tafadhali niandikie kabla mwaka huu haujaisha, sio Februari.